Marufuku Kuvua Hapa

Jumatatu, 3 Machi

Nimenasa! Yaani niliamini nimenasa. Saa moja na robo asubuhi, pale Kona, fimbo yangu ya kuvulia ikapinda hadi ncha ikanywa maji. Nikamwita Mwenyekiti wa chama chetu kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nikavuta. Nikavuta tena. Jasho, kamasi, dua. Mwenyekiti akanishangilia kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. Nusu saa nzima! Mwisho kikatokea kitu: wavu wa Shemeji. Ndani ya wavu, kandambili moja ya mguu wa kushoto.

Inatosha. Nimevumilia vya kutosha.

Kona ni kighuba kidogo cha ziwa, nyuma ya bohari la barafu. Ni mahali pekee ambapo ukingo hauna matete, mtu akaweza kurusha ndoano bila kupanda mtumbwi. Perege wakubwa hujificha pale. Sisi Chama cha Wavuvi wa Ndoano (wanachama kumi na mmoja, wote wastaafu, mimi katibu) tumekuwa tukikaa pale kwa amani. Sasa tangu mwezi uliopita Shemeji, kaka wa mke wangu na kiongozi wa watu wa nyavu, anatandaza wavu mdomoni mwa Kona, ukingo hadi ukingo. Maboya yake ni madumu matupu ya mafuta ya kupikia. Tunakaa tunatazama madumu. Nilipomlalamikia alisema wao wanavua ili watu wale, sisi tunavua ili tupumzike, na kupumzika hata kitandani kunawezekana. Maneno ya kuudhi. Yameniudhi zaidi kwa sababu mke wangu alicheka.

Nimeshamwandikia Bwana Samaki, afisa uvuvi wa hapa, barua saba. Leo amekuja mwenyewe. Bwana Samaki wetu mpya ni mwanamke. Siku ya kwanza nilimwita Bibi Samaki, kwa heshima kabisa. Akanijibu kwamba mlango wa ofisi umeandikwa Bwana Samaki, rangi bado mbichi, na yeye hana mpango wa kuifuta.

Amesema amechoka kusoma. Jumamosi saa nne asubuhi atatusikiliza pande zote mbili ndani ya bohari la barafu. Kila upande ulete perege wake waliovuliwa Kona. Atawapima, kisha ataamua Kona iwe ya nani. Akaongeza kwamba hawezi kumtengea mahali mtu ambaye samaki hawamfahamu. Alipofika hapo akanitazama mimi. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa mabuti ya mpira.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Mama Mizani, muuza samaki, kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Perege wawili, ndani ya gazeti, gazeti ndani ya mfuko, mfuko ndani ya begi.

Hapa niandike ukweli, maana daftari hili linakaa stoo ndani ya boksi la viatu na hakuna anayelisoma. Mimi sijawahi kuvua samaki. Miaka miwili tangu nistaafu ukarani, miaka miwili na fimbo nzuri niliyopewa na ofisi siku ya kuagwa, sijavua hata mmoja. Siku ile ya kwanza nilikuwa narudi mikono mitupu, nikamkumbuka mke wangu ameshabandika sufuria jikoni. Miguu yenyewe ikanipeleka kwa Mama Mizani. Nilipofika nyumbani mke wangu akamgeuza samaki huku na huku, akanitazama, akasema, “Kumbe mume wangu mvuvi!” Miaka thelathini nilikuwa nagonga mihuri. Hakuna aliyewahi kuniambia kumbe mimi chochote. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Kwa hiyo tusipopata Kona, nitakwenda wapi kila asubuhi na fimbo yangu? Nitarudi na nini? Nitakuwa nani?

Leo nimemwambia mke wangu hawa wawili wamenisumbua sana, hasa huyu wa kushoto. Akasema pole. Akanitaka ninawe mikono.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Ni rahisi, hauna gharama, umejengwa juu ya uzoefu wangu wa ofisini.

Kuna rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Kuna ubao wa kabati lililovunjika. Kabla jua halijatoka nilikuwa nimeshakamilisha: NI MARUFUKU KUVUA HAPA. KWA AMRI. Sikuandika amri ya nani. Miaka thelathini imenifundisha kwamba watu huogopa zaidi amri isiyo na mwenyewe. Nikakipigilia kibao kwenye mti mfupi kando ya njia ya Kona, nikajificha kwenye matete upande wa pili, kofia nimeishusha hadi machoni.

Saa mbili wakaja. Shemeji na wenzake wanne, wavu mabegani. Wakasimama mbele ya kibao. Shemeji akasoma kwa sauti, polepole, mara mbili. Wakanong’onezana. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa raha. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kuvua shati kama wafanyavyo kila siku wakiingia majini. Shemeji akamshika mkono. Akamwonyesha kibao. Yule bwana akafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Kisha wakaingia majini na nguo zao. Wote watano! Mashati, suruali, mmoja na koti la mvua, mwingine na soksi. Wakatandaza wavu wote kwa utulivu wa watu waendao ibadani. Walipomaliza Shemeji akageukia matete, akapaza sauti kwamba wao ni raia watiifu, amri imesomeka vizuri, na hakuna aliyevua hata kifungo.

Sijui alijuaje kama niko pale. Mke wangu anasema huenda ni ile kofia ya njano.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yameharibika upande nisioutarajia.

Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno mstaafu. Ana mgongo mbovu, na kila asubuhi kabla ya kuvua huogelea Kona dakika ishirini, ndiyo dawa yake. Leo akakuta kibao. Ni mtu wa sheria. Akasoma, akafunga tena mkanda, akarudi nyumbani na mgongo wake vilevile umekaza. Saa tatu ameshaitisha mkutano wa dharura barazani kwake. Alikuwa ameketi upande upande.

Wanachama walikuwa wakali kweli. Ni nani huyo anayemkataza mtu mzima kuvua shati lake? Wamejuaje kama hatuna nguo za kuogelea? Mmoja akasema hizi ni njama za watu wa nyavu. Wote wakakubaliana naye. Nami nikakubaliana naye. Ningefanyaje?

Ikaamuliwa tuandike barua ya malalamiko kwa Bwana Samaki dhidi ya mwandishi wa kibao. Nani aandike? Katibu.

Nimeiandika. Niseme bila majivuno, ni barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Katika aya ya pili nimeuliza ni mjinga gani anayepiga marufuku bila kufikiria neno lake lina maana ngapi. Mwenyekiti aliipenda aya hiyo akanitaka niirudie. Nikairudia kwa sauti. Saa sita nilikuwa nimeshaipeleka ofisini kwa mkono wangu. Bwana Samaki akaisoma yote, akanitazama vidole, akauliza kama nyumbani kwangu kuna kazi ya kupaka rangi. Nikasema geti. Akauliza rangi gani. Nikasema nyeupe.

Mpango wa pili ni wa kesho. Kibao hakina kosa, kimepungukiwa maneno tu. Nitaongeza SAMAKI KWA NYAVU. Kila kitu kitanyooka.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na suruali.

Nilikwenda Kona saa mbili na nusu na kopo la rangi na brashi. Mtumbwi wa Shemeji haukuwepo. Hapo shetani akanipitia. Kwa nini nihangaike na maneno wakati wavu wenyewe uko pale, na boya la mwisho limefungwa kwenye kigingi majini, hatua ishirini tu kutoka pale niliposimama? Nikilifungua boya, maji yatausukuma wavu taratibu hadi nje ya Kona. Jumamosi Bwana Samaki akiuliza samaki wa Shemeji wametoka wapi, jibu litakuwa: si Kona!

Nilikuwa nimevaa suruali ambayo mke wangu ameipiga pasi jana. Singeweza kuiingiza majini. Nikaivua. Nikavua na shati. Hakukuwa na pa kutundika isipokuwa kwenye msumari wa kibao. Nikabaki na chupi ya mistari, nikaingia.

Fundo lilikuwa gumu. Sijawahi kuona fundo la namna ile. Kila nikivuta linakaza. Maji yakanifika shingoni, na kabla sijajua la kufanya mambo nayo yakanifika shingoni, maana nikasikia pikipiki.

Bwana Samaki. Amekuja kukiona kibao ambacho mimi mwenyewe nimekilalamikia.

Akakitazama kibao. Akaitazama suruali. Akanitazama mimi, kichwa na dumu. Akauliza navua au nimevua. Nikamjibu haraka kwamba sivui. Akasema hilo anaweza kuliamini, lile lingine linaning’inia mbele yake. Akauliza boya ni la nani. Nikasema lilikuwa linapotea, nimelikimbilia kuliokoa. Akasema vizuri. Kisha, kwa heshima zake, akageuka akaangalia barabarani, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kibao, akaking’oa kwa mkono wa nyuma bila kutazama, akakifunga kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki na kamba ya mpira. Akasema ni ushahidi. Akaondoka.

Suruali yangu ikaondoka. Na shati. Vilikuwa bado kwenye msumari! Niliita. Pikipiki haisikii.

Nilikaa majini karibu saa nzima. Vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahaulika kwenye beseni. Aliyenikuta ni Shemeji, na mtumbwi wake. Akalikaza fundo lililolegea kidogo tu, akaniambia kwa upole kwamba fundo hilo dada yake, yaani mke wangu, alikuwa analifunga na kulifungua akiwa na miaka sita. Akanivulia koti lake la mvua, akanipa. Lilinifika magotini. Hakucheka hata kidogo mpaka alipofika katikati ya ziwa. Huko akacheka mpaka ndege wakaruka.

Nyumbani mke wangu akauliza nguo ziko wapi. Nikamwambia nimempa mhitaji. Akasema mhitaji huyo ni mwungwana sana, amezirudisha kwa pikipiki saa nne, zimekunjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho ndiyo siku.

Mwenyekiti aliita wote asubuhi. Akauliza nani amevua chochote Kona wiki hii. Wakatazamana. Mwezi huu? Mmoja akakohoa. Basi wote wakageuka kunitazama mimi. Kumbe mke wangu amewasimulia wake zao wote! Kila wiki perege wawili, wakati mwingine watatu, na wanene. Mwenyekiti akanishika bega, akasema chama kizima kimesimama juu ya fimbo yangu, na kwamba Katibu peke yake ndiye atakayetuokoa. Wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikapungia mkono.

Nilivua kuanzia saa tatu hadi saa tisa alasiri. Kwa bidii, kwa nia safi. Minyoo. Mkate. Mkate uliopakwa siagi. Panzi. Kipande cha sabuni, maana niliwahi kusikia. Perege wanaonekana kabisa, wanakuja, wanaitazama ndoano, wanakwenda kuitana. Nimenasa: matete mara nne, wavu wa Shemeji mara mbili, sikio langu mara moja.

Mke wangu aliniletea chai pale ukingoni. Akakaa kando yangu. Akasema ndoano yangu ni kubwa mno na kivuli changu kinaanguka majini. Nikamweleza kwa upole kwamba uvuvi wa ndoano ni sayansi nyingine, si kama nyavu za kwao. Akasema sawa, akakusanya vikombe.

Saa tisa na nusu, Mama Mizani. Nikataka watano, wakubwa kuliko wote. Akasita. Akaniuliza kama najua hawa wametoka upande gani. Nikamjibu samaki hawana chama. Akawafunga kwenye gazeti huku anatikisa kichwa, akaniombea heri.

Sasa sikiliza ujanja wa kiakili. Samaki wa ndoano ana nini ambacho wa wavu hana? Tundu mdomoni! Nikajifungia stoo, nikachukua ndoano, nikamtoboa kila mmoja mdomo wa juu, safi, mmoja mmoja, kama fundi cherehani. Watano wote. Nikawalaza kwenye ndoo ya barafu nyuma ya magunia ya mkaa. Mke wangu akagonga akauliza nafanya nini. Nikasema napiga viatu rangi. Akauliza rangi ya kijani?

Mpango huu hauna kasoro. Nimeuangalia kila upande.

Jumamosi, 8 Machi

Bohari la barafu. Saa nne kamili. Baridi ya kuumiza meno, watu wote wanatoa moshi midomoni. Meza mbili za bati. Kushoto, samaki wa Shemeji, safu nne. Kulia, ndoo yangu.

Nilipowamimina perege wangu chama kizima kilipiga vigelegele kama akina mama harusini. Bwana Samaki akawapima kwa rula. Wakubwa! Mmoja alimzidi hata mkubwa wa Shemeji kwa upana wa vidole viwili. Akauliza nimewavua lini. Nikasema leo saa kumi na mbili asubuhi. Kwa chambo gani? Mkate. Wenye siagi? Nikasema ndiyo, kwa kujiamini. Kona ilikuwa yetu. Niliiona kabisa, bila dumu hata moja, na kiti changu pale.

Aliyenimaliza ni mtu wa upande wangu.

Mwenyekiti, kwa fahari tu, alitaka kuwaonyesha watu jinsi ndoano isivyomtesa samaki. Akavaa miwani. Akamfunua perege mdomo kwa vidole viwili, kama alivyofunua midomo ya mji huu miaka thelathini na tano. Akachungulia. Akawasha tochi yake ndogo. Akamfunua wa pili, na wa tatu. Nikamkanyaga mguu. Akauondoa mguu.

Akasema, kwa sauti ya mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba tundu hili limetobolewa kutoka nje kwenda ndani. Na halikutoa damu. Na jirani yake vilevile. Akasema samaki huyu, kwa maoni yake ya kitaalamu, aliimeza ndoano akiwa ameshakufa tangu jana.

Barafu tu inadondoka.

Kisha Shemeji akasogea. Akampapasa perege nyuma ya mashavu kwa kidole gumba, akamgeuzia kwenye mwanga. Pale magamba yamekwaruzika, mstari umezunguka mwili mzima, kama kola ya shati. Akasema hiyo ni alama ya wavu, samaki akiingiza kichwa na kurudi nyuma. Akachukua mmoja wa samaki wake akawaweka sambamba. Kola moja. Macho ya wavu wake anayajua kama mwandiko wake. Hakusema kwa kejeli. Nadhani alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nikafungua mdomo nieleze.

Aliyesema ni mke wangu. Sikujua hata kama yuko pale, alikuwa mlangoni na kikapu chake. Akasema samaki hao ni halali ya mumewe, amewanunua kwa Mama Mizani, kama alivyonunua kila wiki kwa miaka miwili. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Yeye amezaliwa kwenye nyumba ya nyavu, ameanza kuondoa samaki kwenye wavu kabla hajaanza shule. Anaionaje kola asiijue? Bwana Samaki akamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema kwa sababu katika miaka thelathini ya ofisini mume wake hakuwahi kurudi nyumbani anaimba, na siku ile ya samaki wa kwanza alirudi anaimba tangu getini.

Niliinama nikatazama sakafu. Machozi yalikuja, nikasingizia barafu. Nilitaka ardhi ipasuke, na papo hapo nilitaka nimkumbatie mbele ya watu wote. Kumbe hata naimba. Sikuwa nimejua.

Bwana Samaki akafunga daftari. Akawauliza wanachama kumi waliobaki, mmoja mmoja, wamevua nini Kona mwaka huu. Hakuna. Mwaka jana? Mwenyekiti alikumbuka mmoja, lakini alimrudisha kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko chambo. Basi Bwana Samaki akasema amepata alichokuwa anakitafuta. Kona ndipo perege wanapotagia. Alikuwa anatafuta njia ya kupapumzisha na hajapata walinzi. Sasa ameona watu wazima kumi na mmoja, wanakaa pale kila siku wakiwa macho, na katika miaka miwili hawajamdhuru samaki hata mmoja. Walinzi bora kuliko hao atawapata wapi? Kona ni ya ndoano! Nyavu zibaki nje ya mstari wa maboya. Ila akaonya kwamba siku ndoano zikianza kujaza ndoo, ataipitia hukumu yake upya.

Watu wa nyavu walikubali huku wanacheka, maana samaki wakikulia Kona watatokea nje, na nje ndiko nyavu ziliko. Tumeshinda. Tumeshinda kwa kushindwa, lakini kwenye kumbukumbu za mkutano itaandikwa tumeshinda.

Kumbukumbu hizo sitaziandika mimi. Mwenyekiti aliitisha kikao palepale nje, juani. Wakanivua ukatibu kwa kura kumi dhidi ya moja. Kisha wakapitisha azimio la kunishukuru kwa kutupatia Kona. Kwa hiyo nijumlishe wiki: samaki sijavua, suruali nimevua, na leo nimevuliwa cheo. Shemeji alinivulia kofia tulipopishana. Nikamrudishia koti lake.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kutubu. Hakuna aliyenisema. Mke wangu ametia chumvi ile ile kwenye chakula, ametandika kitanda vilevile. Nikamwomba radhi. Akasema ameshasahau, ila ana ombi moja: kesho nimpeleke Kona, anataka kuijaribu ile fimbo.

Kuanzia leo sitadanganya tena mtu yeyote kuhusu samaki. Nimeandika kwa wino, si penseli. Nimepiga mstari chini yake.

Jumatatu, 10 Machi

Perege saba! Saba, ndani ya saa moja!

Alianza kwa kubadilisha ndoano, akaweka ndogo. Akaniambia nisogee, kivuli. Akakaa, akarusha mara moja bila hata kupiga kelele. Puu! Wa kwanza. Wanachama wakasimama. Wa pili, wa tatu. Mwenyekiti akachungulia mdomo wa mmoja akatangaza kwamba tundu limetoka ndani kwenda nje na lina damu ya kutosha. Wakampigia makofi. Wakamwomba awe katibu. Nikamwambia, “Kumbe mke wangu mvuvi!” Akacheka hadi akaweka fimbo chini. Alirudi nyumbani anaimba, na mimi nyuma yake nimebeba ndoo, nimejaa fahari utadhani nimewavua mimi.

Tulipofika getini ndipo nikakumbuka. Ndoo imejaa! Bwana Samaki alisema nini kuhusu ndoo kujaa? Ataipitia hukumu upya! Kona itakwenda! Na mke wangu anataka kurudi kesho, na keshokutwa, na ameshawaahidi wenzake kuwafundisha.

Nimejifungia stoo. Nimetulia, nimefikiri. Ipo njia. Nina uzi mgumu wa kushonea magunia. Ukimzungushia perege uzi huo nyuma ya mashavu, ukauvuta na kuukaza vizuri, magamba yanakwaruzika na kuacha mstari mzuri kama kola ya shati. Tundu la mdomoni nitaliziba kwa nta ya mshumaa. Kisha nitawapeleka kwa Mama Mizani, mlango wa nyuma, niseme wametoka kwenye nyavu. Bwana Samaki akipita atawaona pale mezani na kola zao. Atajua sisi Kona bado hatuvui kitu.

Nimeshamaliza wanne. Wanapendeza. Mke wangu amegonga mlango, anauliza nafanya nini humu.

Nimemwambia napiga viatu rangi.